Maksai Waliosikia Kijerumani

Juzi nimetoka darasani hapa Bunda sauti imenikauka. Nafundisha Kijerumani cha mwanzo, na swali ni lile lile kila muhula: "Mwalimu, der, die, das, tutajuaje ipi ni ipi?" Nawajibu wakariri, maana kila jina la Kijerumani hutanguliwa na kimoja cha vijineno hivyo, lina der yake au die yake. Siwaambii, ndugu yangu, kwamba mimi nilianzia zizini.

Jirani yetu alisomea ufundi wa mitambo Ujerumani, akarudi, kazi ikaisha, akabaki na plau, maksai wawili na ng'ombe wa maziwa. Ili lugha isimtoke kichwani, akawa anawasemesha hao. Bibi akinituma maziwa asubuhi, namkuta jirani ananyoosha kidole: der Ochse, huyu maksai, die Kuh, yule jike, das Kalb, ndama anayenyonya. Baadaye nilikuta meza nayo ni der kama dume na mlango ni die kama jike, wala hakuna zizi la kunieleza. Lakini mpaka leo nikitamka der nasikia harufu ya samadi mbichi.

Mwaka mmoja mvua ya kupandia ilianguka jirani akiwa amelazwa. Plau yake ndiyo iliyokuwa ikitulimia pamba kila mwaka, na bibi hakuwa tena na nguvu ya jembe la mkono. Tukikosa wiki ile, tumekosa mwaka. Wanaume wakaja kujaribu. "Haya! Twende!" Maksai wakasimama kama vichuguu. Fimbo, matusi, wapi!

"Hawa wamezoeaga kizungu," mmoja akasema, akatupa fimbo.

Nikasema mimi nakijua. Wakacheka. "Mtoto wa kike aswage maksai? Bibi, huyu mtamuoza nani?"

Bibi hakucheka. "Siku zote nawaambia mdomo haulimi. Leo uacheni ulime."

Maksai mmoja anaambiwa geh, wawili geht. Nikapaza sauti: "Geht!" Wakaenda. Mwisho wa shamba: "Steht!" Wakasimama. Yule aliyetupa fimbo akashika plau, mimi nikatangulia nikiongea. Jioni udongo wote ulikuwa umepinduka, mweusi, na bibi akanipakulia sato mimi kwanza, wanaume wakingoja.

Ujerumani nilifika kwa jasho langu, na diploma yangu iko ukutani; wenye nayo hapa hatuzidi vidole vya mkono. Lakini mtihani mkubwa niliufaulu nikiwa pekupeku.

Bibi hayupo, jirani hayupo. Shamba lile linalimwa na trekta ya kukodi kabla mtu hajamaliza chai. Basi juzi hiyo, nimeegemea mlango wa darasa, miguu inauma, ukapita mkokoteni wa matofali, maksai wawili. Nikasema taratibu, "Steht."

Hawakugeuza hata sikio.

"Shikamoo mwalimu," akasema mwenye mkokoteni. "Umesemaje?"

"Marahaba. Si kitu," nikamjibu, nikawaangalia mpaka vumbi lao likatulia.