Mistari Kumi na Mmoja ya Shaabani

Fundi wetu wa mikate alikuwa mlaji, na simsengenyi, mwenyewe alijisifia. Mkate wa kwanza kutoka tanuri lazima aumege, ati anaonja chumvi, na kuonja kwake kulibakiza nusu mkate. Ramadhani alifunga, lakini kwa manung'uniko, kutwa macho yako kwenye saa ya ukutani mpaka ukaionea saa huruma. Huu ni mwaka wa tisa ninampimia madonge, kwa hiyo namjua.

Ndiyo maana Shaabani hii ilinishangaza. Tarehe kumi na sita mkate wa kwanza ulitoka na hakuugusa.

"Vipi Fundi, meno?" nikamuuliza.

"Nimefunga, dada."

Nikacheka mpaka nikaegemea magunia ya unga. Kesho yake akasahau chumvi, na kwa kuwa hakuna aliyeonja, mikate yote ya asubuhi ikatoka chapwa. Wateja wakairudisha huku wakitusema. Tangu hapo kuonja kukawa kazi yangu.

Ndipo akanieleza. Mkewe, tuliyemzika mwezi wa Rajabu, alifariki ghafla akiwa hajalipa siku zake za Ramadhani iliyopita. Sisi wanawake tunaelewa: kila mwaka zipo siku ambazo hatufungi, na wengi wetu tunaahirisha kuzilipa mpaka Shaabani inatukaba koo, Ramadhani nyingine imeshafika mlangoni. Marehemu aliziandika kwa penseli nyuma ya mlango wa kabati. Fundi alihesabu mistari kumi na mmoja, akaenda kumuuliza imamu, akaambiwa inafaa kumfungia.

"Hakuwahi kuniomba kitu kikubwa," Fundi akaniambia. "Hili nitamfanyia."

Nilikijutia kile kicheko changu, nasema kweli.

Tarehe ishirini na nne, siku yake ya tisa, binti yake alikuja mchana tukiwa tunapanga trei. Ni msichana wa miaka ishirini, mpole kupita kiasi. Akanivuta hadi nje ya mlango wa nyuma.

"Shangazi, nisaidie. Mistari mitano ni yangu."

"Mistari ipi tena?"

"Ya kabatini. Mama alikuwa ananiandikia na mimi, chini ya yake. Zake ni siku sita tu. Sasa nitamwambiaje baba mambo ya siku zangu? Naona aibu. Na mwezi ukiandama ishirini na tisa, nisipoanza kesho sizimalizi."

Nilimgombeza. Kwa nini alinyamaza wiki nzima, baba yake anashinda na njaa mbele ya tanuri? Halafu nikamtazama vizuri, nikaona ni mtoto tu, ana haya na ana msiba. Nikamwambia aende nyumbani, hilo aniachie mimi.

Fundi alikuwa anakanda, mikono imezama hadi viwiko. Nikamweleza bila kuzungusha maneno. Nilidhani atashukuru kwamba amepunguziwa mzigo. Mikono ikasimama.

"Sita?"

"Sita, Fundi. Zilizobaki ni za binti yako, na aliye hai hafungiwi. Atazilipa mwenyewe kuanzia kesho."

Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Basi zake ziliisha tarehe ishirini na moja."

"Ndiyo."

"Jumatatu." Akaliangalia lile donge. "Jumatatu kutwa nilikuwa nagombana na mleta unga."

Akaanza kusema polepole, bila kuniangalia. Kwamba siku zote hizi, kila njaa ilipomuuma alimkumbuka mkewe, akaona kama wako wawili kazini. Kwamba siku ya kumi na moja alikuwa ameipanga: angeoga mapema, asigombane na mtu, jioni aende kaburini amwambie zimekwisha. Na kumbe ya mwisho ilishampita, naye anapigia watu kelele juu ya magunia yaliyolowa.

Machozi yalinitoka, wala sikuyaficha.

"Basi fungua, Fundi," nikamwambia. "Kunywa hata maji. Umeshamlipia zote."

Akatikisa kichwa, akarudi kukanda.

"Leo niliamka kwa ajili yake," akasema. "Niache mpaka magharibi, dada. Jumatatu sikumuaga."