Nilivyoambiwa Nipike Sufuria

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na godoro kichwani. Nilikuwa nimesikia kwamba anatafutwa mpishi wa kambi, na kwa sisi tuliozaliwa kwenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho, kambi ni nyumba za wafanyakazi: vyumba vya mabati vilivyopangwa safu, bomba moja la maji katikati, na majirani wanaojua umekula nini hata kabla hujashiba. Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja kuchuma chai. Nilizaliwa kambini, nikaolewa kambini. Kwa hiyo nilibeba godoro, ndoo, na misumari ya kutundikia nguo, nikapanda mpaka juu ya Kimulot, pale chai inapokutana na msitu wa Mau. Nikakuta mahema ya kijani kando ya kijito. Ukuta hata mmoja haukuwepo.

Mkuu wa Kambi, mwanamume mrefu asiyependa maneno mengi, alinitazama mimi na mizigo yangu.

"Mama, hiyo misumari utagongea wapi?"

"Popote utakaponionyesha ukuta," nikamjibu.

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelibeba hadi leo. "Hapa ukuta ni tabia yako. Mnyama akipita, hutajificha nyuma ya kitu. Utaendelea na kazi yako polepole, akuone huna neno naye. Ukikimbia, atakukimbiza. Ukipiga kelele, umemtangazia vita."

Nikasema sawa, lakini moyoni nilikuwa nauliza gari la kurudi Kericho linaondoka saa ngapi.

Ninyi vijana mnaoona picha za ndovu kwenye simu zenu mkiwa mmelala, acheni niwaeleze kazi ile ilivyokuwa. Wageni walikuja na kamera zenye lenzi ndefu kama mkono wa mtu. Lenzi ndilo jicho la kamera. Walikaa siku kadhaa wakingojea mnyama atoke msituni. Walikaa kwenye maficho, yaani kibanda kidogo cha matawi chenye tundu la kuchungulia, na sisi tuliwalisha, tukawachemshia maji ya kuoga, tukawakanya wasifanye ujinga. Jiko langu lilikuwa turubai juu ya nguzo nne. Kabla ya kuwasha moto nilirusha majivu kidogo hewani nione upepo unaelekea wapi. Matunda hayakulala hemani, kwa sababu ndovu ananusa ndizi kuliko mtoto anavyonusa chapati. Sufuria ilioshwa mara tu ikishatoka mezani. Hayo yote nilifundishwa na Mkuu wa Kambi, naye hakunifundisha mara mbili.

Mlinzi wetu alikuwa Afande Koech, askari wa msitu, Mkipsigis wa hapo hapo Kimulot. Alikuwa na bunduki ya kufyatua hewani, redio ya mkononi, na sauti ya kuongoza kwaya. Msitu aliujua kama shamba la mama yake. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila herufi ya g ilikuwa haimtaki. Gari lilikuwa kari. Kupiga simu kulikuwa kupika simu. Asubuhi aliwauliza wageni, "Leo mtapika picha wapi?" na wageni wakanitazama mimi, wakidhani picha ni chakula cha kwetu. Tulicheka, naye alicheka pamoja nasi, angalau mwanzoni.

Sasa niwaambie kuhusu Mwalimu, maana asubuhi moja nusura awe marehemu.

Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi, mtu wa makamo ya juu, mpole, mwenye kofia nyekundu ya sufu aliyofumiwa na mkewe. Hakuwa mgeni tajiri. Kamera alikuwa amenunuliwa na wanawe. Alikuja akitaka kitu kimoja tu: ndovu ndani ya chai. "Simba watu wote wanao," aliniambia akinywa uji. "Lakini ndovu katikati ya majani yetu haya, Mama, hiyo ni picha ya nyumbani." Nilimpenda kwa neno hilo.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, ule wa Kimulot unaokaa juu ya chai mpaka unahisi umefunikwa blanketi lililoloa. Mwalimu aliondoka mapema kwenda kwenye maficho. Sisi sote tuliamini yumo humo. Kumbe alikuwa ameyapita, akapanda kijia cha wachumaji mpaka karibu na msitu, akapiga magoti hapo na kamera yake, akiangalia chini kwetu.

Mkuu wa Kambi alikuwa ameteremka barabarani kuleta mizigo. Nilikuwa peke yangu jikoni redio ilipokwaruza. Ilikuwa sauti ya Afande Koech kutoka kilima cha pili, akiongea kwa haraka na kwa sauti ya chini.

"Mama! Ndovu wako kwa chai, karibu na wewe. Pika sufuria!"

Nilisimama na redio mkononi. Ndovu, karibu nami. Miguu ilitaka kuondoka bila mimi. Lakini Mkuu wa Kambi alikuwa amenifundisha niendelee na kazi yangu polepole, na hapa Afande naye ananiambia nipike. Nikaona wakubwa wangu wawili wamekubaliana. Nikarusha majivu, nikachochea moto, nikateka maji, nikaweka sufuria ya chai.

Redio ikakwaruza tena. "Pika, Mama! Pika kwa nguvu!"

Nikaongeza kuni. Nilidhani labda baridi imemzidi huko juu.

Nikatia majani, nikatia maziwa, nikafunika. Ndipo upepo ukasukuma ukungu kidogo, kama mtu anavyosogeza pazia, nikawaona.

Sijui niwaambieje. Nimekua ndani ya chai. Nimeiona ikichumwa, ikikatwa, ikinyeshewa na mvua ya mawe. Sijawahi kufikiri kwamba kitu kikubwa hivyo kinaweza kutembea ndani yake bila kuivunja. Walikuwa wamejipanga mmoja mmoja ndani ya vijia vile vile ambavyo mama yangu alipita na kikapu mgongoni. Mbele alitangulia jike mkubwa, mgongo wake umeloa umande, masikio yanapepea taratibu. Nyuma yake wengine. Na katikati yao kulikuwa na mtoto ambaye mgongo wake ulikuwa sawasawa na juu ya majani, kwa hiyo ulichoona ni chai, halafu mgongo mdogo wa kijivu ukielea juu ya chai. Walitoka upande wangu wakipanda kurudi msituni. Hakuna hata kijiti kilicholia. Nilisema, "Ee Mungu," na nilikuwa namaanisha.

Kisha nikaona nukta nyekundu juu yao, penye mwisho wa kijia. Ilikuwa kofia ya Mwalimu.

Alikuwa amepiga magoti katikati ya njia yao. Nyuma yake kulikuwa na mtaro mpana wa kuzuia wanyama, na kivuko chake kilikuwa hicho hicho kijia. Ndovu hawakuwa na njia nyingine ya kurudi nyumbani, naye hakuwa na pa kukimbilia. Redio ilinyamaza kimya. Nilijua Afande naye amemwona.

Wakati huo huo chai yangu ikaanza kuchemka, na kifuniko kikaanza kutetemeka juu ya sufuria. Kwetu watu huwafukuza ndovu kwenye mahindi kwa kugonga sufuria na mabati, na ndovu wanaijua sauti hiyo vizuri kuliko sisi. Wakiisikia nyuma yao, watakimbia mbele, na mbele yuko Mwalimu. Sikutafuta kitambaa. Nilikinyanyua kifuniko kwa mkono mtupu, nikakishika hivyo hivyo mpaka nilipokilaza kwenye majani, taratibu, kama unavyolaza mtoto aliyesinzia baada ya kusumbua. Alama ya moto ule ninayo kwenye vidole mpaka leo.

Jike mkubwa alisimama. Akainua mkonga, akaugeuza nyuma kwangu, akanusa moshi na maziwa yanayochemka. Nafikiri alijua harufu ile. Kila asubuhi, kutoka Kimulot hadi mwisho wa macho, moshi wa namna hiyo unapanda kutoka kila jiko, na maana yake ni kwamba watu wameamka na wana shughuli zao. Akashusha mkonga, akaendelea.

Alipomfikia Mwalimu alisimama tena. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, alikuwa ametoka kwenye kijia na kuingia katikati ya michai yenyewe, akamzunguka yule mzee kwa adabu anayopewa mtu aliye katika sala, akarudi njiani upande wa pili, akavuka. Wote walifuata nyayo zake. Mtoto ndiye aliyechelewa. Alitaka kuichunguza ile kofia, mpaka mkonga mmoja ulipomsukuma makalio aende. Halafu msitu ukafunga, ikawa kama hakuna kilichopita.

Afande Koech alishuka mbio, jasho limemjaa usoni katika baridi ile, akaja moja kwa moja jikoni.

"Mama! Si nilikuambia upike sufuria?"

"Si nimepika, afande? Chai hiyo."

Aliangalia chai. Akaniangalia mimi. Akaangalia juu kule mtaroni, ambako Mwalimu alikuwa anashuka ameloa umande hadi kiunoni. Nilimwona Afande akihesabu moyoni kile alichotaka nifanye, na kile ambacho kingetokea. Akakaa chini kwenye kuni. "Nilijua yuko kwa maficho," alisema. "Haki ya Mungu, Mama, nilijua yuko kwa maficho."

Mwalimu alifika, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Tulipomweleza, alicheka kwanza, halafu akalia, halafu akaomba sukari zaidi.

Mkuu wa Kambi aliporudi alisikiliza yote bila kukatiza. "Kuanzia leo," akasema, "tukitaka kelele tunasema gonga. Na mgeni asiyekaa kwenye maficho atarudi kwao kwa miguu." Neno hilo la gonga nililikuta baadaye katika kila kambi niliyofanya kazi, watu wakilitumia bila kujua lilikotoka.

Nilihamishiwa upande wa Ndanai, kwenye joto, njiani kuelekea nyanda za chini, ambako fisi alibeba kiatu kimoja cha Mkuu wa Kambi wa huko na hakurudi kuchukua cha pili. Mwishowe nikapelekwa Londiani, ambako baridi huuma mpaka kwenye meno na viazi ni vitamu. Nimeona mengi. Nimemwona chui akinywa maji kwenye beseni nililofulia. Mbega weupe kwa weusi wameniibia mkate huku wakinitazama usoni. Lakini sijapata tena kusimama kama nilivyosimama asubuhi ile, nikajiona mdogo hivyo na nikafurahi kuwa mdogo.

Picha ya Mwalimu iko sebuleni kwangu. Alipiga moja tu, kwa kamera ile isiyo na mlio, kabla hawajamfikia. Ndovu wanapanda ndani ya chai, na nyuma yao, chini kabisa, kuna moshi na mwanamke ameinama. Watu huuliza huyo ni nani. Mwalimu aliishi baada ya hapo akawaoza binti zake wote, akafa mzee, kitandani mwake, mkewe amemshika mkono. Kila nikiitazama picha hiyo naona miaka yake ile.

Afande Koech naye aliishia Londiani. Kitu kimoja nilikiona na sikukisema: tangu siku ile, hadithi ilipoenea na watu wakaizungusha kama kichekesho, aliliacha lile neno la kupiga. Alisema "nitakufanyia simu". Alisema "toa picha". Miaka yote hiyo, mtu mwenye sauti ya kwaya, alikuwa analikwepa neno moja kama shimo njiani.

Siku nilipostaafu walinipikia mimi, kwa mara ya kwanza, na chai ilikuwa nyepesi. Wakubwa walisema ya wakubwa. Kisha Afande Koech akasimama bila kuombwa, mvi kichwani, kofia mkononi.

"Mama," akasema, "ile siku mimi nilisema pika. Nilisema mara nyingi. Watu wamecheka, na ni sawa. Lakini Mwalimu alirudi kwa bibi yake. Mimi nafikiri Mungu alishika ulimi yangu." Akaigeuza kofia mkononi. "Sasa unaenda nyumbani. Kabla uende, nyinyi wote kujeni hapa karibu na Mama, tupike picha."

Hakuna aliyecheka. Tulisogea, nikamshika mkono, tukapika picha.