Jogoo wa Chini ya Ardhi Aliyejificha na Kuku

Asubuhi ya siku ambayo mji wetu ulikuwa unapokea wageni wa kwanza wa maana, niliingia bandani kuokota mayai nikamkuta Mzee Estil amechuchumaa katikati ya kuku wangu.

Mzee wa miaka sabini na kitu. Kavaa suti ya kanisani. Manyoya kichwani.

Akaniambia nifunge mlango, baridi inaingia.

Nyie chekeni tu. Mimi sikuwa na muda huo, maana huyo niliyemkuta na kuku ndiye alikuwa kwenye bango.

Ngoja niwape mkanda mzima.

Naitwa Marvene. Nina mgahawa hapa Hobbin Creek, West Virginia, ndani ya jengo lililokuwa duka la kampuni ya makaa. Nimeolewa hapa nikitokea bonde la pili, nimezaa hapa, nimezika mume hapa, na bado wananiita "yule mgeni".

Haya, mgeni. Lakini umbea wote wa mji huu unapita mezani kwangu kwanza, kanisani unafika umepoa. Nani kanuniana na nani, nani kaweka meno mapya, ninazo.

Au nilidhani ninazo.

Mgodi wetu ulifungwa kabla sijaja. Mwaka jana kaunti ikaja na wazo la kuuziba mdomo kwa zege. Tukalia, tukabembeleza, tukawapikia. Wakalegea kidogo: leteni kundi moja la wageni, liingie mgodini na litoke limeridhika, tutauacha wazi. Mkishindwa, zege.

Jamani, posta ilishaondoka. Shule ilishaondoka. Ule mgodi ukizibwa, nani tena atapanda milima yote hii kuja kula maharage yangu?

Nikajipa uenyekiti wa kamati. Hakuna aliyenichagua, ila hakuna aliyenizuia.

Kundi nikalipata: wanakwaya wa kanisa moja la Ohio, akina mama watupu, watoto wa wachimbaji waliohama zamani kufuata viwanda vya matairi. Nikapanga chakula. Maharage na mkate wa mahindi, keki ya tufaha ya matabaka, na ile mikate yetu iliyookwa na soseji ndani, ambayo wachimbaji walikuwa wanashuka nayo mfukoni.

Kiongozi wa kuwaingiza? Hilo halikuwa swali. Estil.

Estil anakaa dirishani kwangu kila asubuhi na kahawa yake, anasimulia habari za chini. Panya wanavyokimbia kabla paa la mgodi halijashuka. Taa ikizima, unavyosikia damu yako mwenyewe inapita masikioni. Watu wanasahau kula, mayai yanaganda sahanini.

Nikachapisha bango lenye picha yake na maandishi mekundu: INGIA TUMBONI MWA MLIMA NA MZEE ESTIL, JOGOO WA CHINI YA ARDHI. Nikabandika kanisani, kituo cha mafuta, hadi kwa kinyozi.

Kumuuliza sikumuuliza. Nilijua atafurahi.

Alipoliona, alivua kofia, akaivaa tena, akatoka bila kumaliza kahawa. Nikajua ni raha imemzidi.

Baada ya hapo zikaanza ndoto. Leo kaota maji ya matope, hiyo ni ishara ya kifo. Kesho kasahau chakula nyumbani, na mchimbaji akirudi nyumbani kufuata chakula chake siku hiyo hashuki. Mwisho akaja na kubwa lao: mwanamke haingii mgodini, mlima unakasirika. Mmoja tu ni nuksi, sasa mimi naleta basi zima.

Hiyo ya nuksi ilikuwa wimbo wake wa siku zote, na mlengwa alikuwa Ruby Nell.

Ruby Nell ni mjane, jirani yangu, mkono wake kama koleo. Sheria ilipowalazimisha wenye migodi kuajiri wanawake, yeye alikuwa wa kwanza kushuka hapa, na alichimba mpaka mgodi ulipofungwa. Estil hakuwahi kumwacha apumue. Akiingia mgahawani, mzee anagonga meza mara tatu kufukuza balaa. Mgahawa mzima unacheka. Ruby Nell anaagiza chai, anakaa, anakunywa.

Nilikuwa najiuliza anavumiliaje.

Turudi bandani.

Nikamwambia Estil basi limeshaacha barabara kuu. Akasema kuku mwekundu anamtazama vibaya. Nikamwambia mtu wa kaunti ameshafika, kavaa na buti. Akasema wasalimie. Nikapandwa. Nikamtisha kwamba naenda kuuita mji wote waje waone jogoo wao alipolala.

Hapo nikavutwa kola kwa nyuma.

Ruby Nell. Alikuja kufuata mayai ya keki, akasikia yote. Akanikokota hadi nyuma ya banda.

"Marvene, fumba huo mdomo kabla sijakufumba mimi."

"Kwani nimesema nini?"

"Huyu hajashuka mgodini tangu akiwa kijana."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanieleza kwa sauti ya chini. Estil alikuwa na kaka yake, Hollis. Walianza kazi pamoja. Siku moja paa likashuka, Estil akatoka, Hollis akabaki. Kesho yake Estil alifika mdomoni mwa mgodi na taa kichwani, miguu ikagoma. Na siku iliyofuata hivyo hivyo. Msimamizi akampa kazi ya juu, kuokota mawe kwenye makaa yanayopita kwenye mkanda. Jioni anarudi mweusi kama wenzake.

Wachimbaji wote walijua. Hakuna hata mmoja aliyelitamka. Kwao, mtu ambaye miguu yake imegoma hachekwi, maana kesho inaweza kuwa yako. Waliozaliwa baadaye hawakuambiwa. Na mimi, yule mgeni, ndiyo kabisa.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Anakudhalilisha kila siku mbele ya watu. Neno moja tu ungemmaliza."

"Ningemmaliza halafu?"

Nilikuwa nahesabu mabango kichwani.

Ruby Nell akasema wageni atawaingiza yeye. Cheti cha usalama anacho, njia anaijua. Ila Estil apewe vibati.

Vibati ni hivi: zamani kila anayeshuka alitundika kibati chake cha shaba kwenye ubao wa nje. Akitoka anakichukua. Kikibaki ubaoni, mtu yuko ndani, na hakuna kulala. Lazima awepo wa kubaki nje na ubao.

Nikarudi bandani mpole kama kondoo. Nikasema, mzee wangu, Ruby Nell anaingia na wageni, mimi nimekwama, sina mtu wa ubao.

Akatoa unyoya sikioni. Akaugeuza vidoleni mpaka kuku wakaanza kumzoea.

"Misumari ya ubao umeikagua?"

"Hapana."

"Umeona sasa. Kamati gani hii."

Akatoka.

Basi likafika, akina mama wakashuka wakiimba. Wakavishwa kofia za taa na vibati shingoni, wakapanga foleni mbele ya ubao. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wao, Imogene, mama mnene mwenye miwani ya mnyororo, na mkononi ana bango langu. Akamtazama Estil, akatazama picha.

"Jogoo si ndiye wewe? Mbona huku nje?"

Mtu wa kaunti akageuka. Mimi nikaruka na uongo wangu, nikasema mzee ana goti.

"Goti langu zima," Estil akasema.

"Kaka yangu alibaki humo ndani. Mimi nilitoka, na tangu hapo sijaweza kuingia. Zile hadithi ninazosimulia ni zake na za wenzake. Mimi nazitunza tu."

Mtu wa kaunti akavua kofia. Nikajua tumekwisha, zege hiyo.

Imogene akavua kibati shingoni, akamwekea Estil kiganjani.

"Basi nishikie. Nikichelewa, niite kwa jina."

Nyuma yake wote wakafanya vivyo hivyo, mmoja mmoja, kila mtu akitaja jina lake. Mzee akitundika na kurudia jina. Kisha Ruby Nell akawasha taa, wakaingia.

Mimi nikashuka mgahawani kuandaa meza. Walipoanza kutoka, nilipanda kuwapokea, na wa kwanza kumdaka alikuwa Imogene, Estil akiwa kageukia ubao akiwapa wenzake vibati. Nikamshika mkono nikamwambia awahi mikate ikiwa ya moto. Nikamkalisha jikoni, nikaanza kumpa habari za mji. Mwanamke anajua kusikiliza yule. Alikuwa kwenye mkate wa tatu tulipofika kwenye ugomvi wa kinyozi na shemeji yake.

Kibati chake tulikisahau wote wawili.

Kule juu, ubao ulibaki na kimoja. Estil akauliza Imogene yuko wapi. Akina mama wakatazamana. Mmoja akasema mara ya mwisho alimwona ndani. Ruby Nell alikuwa ameshavua taa, ameinama kufungua buti.

Alipoinua kichwa, Estil hayupo mdomoni. Yumo ndani. Sauti yake inakwenda mbali: Imogene, Imogene.

Ruby Nell akamfuata. Alimkuta pale paa liliposhuka zamani, kasimama, kashika ukuta kwa mikono miwili, bado anaita. Akamwambia kwamba hakuna mtu. Akamwambia arudi. Walitoka wameshikana mikono, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Walipogundua mama wa watu yuko wapi, matusi niliyopewa siyaandiki hapa.

Mgodi uko wazi. Mtu wa kaunti alisema hajawahi kuona mgeni anatafutwa kwa moyo namna ile. Ruby Nell anaingiza watu, Estil ana ubao, na sasa akiona mtu anaelekea kwangu bila kibati anampigia mluzi kama mbuzi. Akimwona Ruby Nell bado anagonga meza. Anagonga mara moja.

Nimejifunza hivi, na nawaachia: mtu akikupa visingizio vingi kwa jambo moja, acha kuvipangua. Kaa naye, mtafutie kazi anayoiweza karibu na hapo. Na kabla hujamweka mtu kwenye bango, muulize.

Habari hii Estil kaniruhusu niiandike, kwa sharti kwamba niseme alitembea, hakukimbia. Ruby Nell anasema alikimbia.

Mimi sijui. Jambo kubwa kuliko yote lililowahi kutokea mjini kwetu, nilikuwa jikoni nasengenya.