Karani wa Kioo Kitupu

Alhamisi, 14 Mei. Manyunyu tangu alfajiri, baridi kiasi.

Karani wa rufaa, ambaye meza yake inagusana na yangu hapa hospitalini, hahifadhi kitu kwenye kompyuta. Kioo chake ni cheusi tii, kina alama moja tu, ya kivinjari, na barua zote huziandika humo humo mtandaoni. Akimaliza sentensi hupangusa kibodi kwa kidole gumba. "Kompyuta yako imeingiliwa na wezi, shemeji?" dada wa mapokezi humtania. Naye hujibu, "Mwenye vingi ana vingi vya kupoteza."

Leo aliandika barua ya mtoto anayehitaji upasuaji wa moyo. Hospitali kubwa iliitaka kabla ya saa sita, la sivyo kitanda kingepewa mwingine. Mama wa mtoto alikaa mbele yake. Saa sita kasoro kumi kompyuta ilizimika, ikakataa kuwaka. Karani akainuka. "Kaka, nipishe," aliniambia, akaketi kwangu, akafungua kivinjari, akakosea nywila mara mbili. Ya tatu ikakubali. Barua ilikuwepo yote, hadi mkato wa mwisho. Akaimalizia, akaituma.

"Imekwenda?" mama aliuliza.

"Imekwenda, mama. Na wamejibu: kitanda ni chake."

Karani akashusha pumzi, akaomba maji, akanywa bilauri mbili.

Ijumaa, 15 Mei. Saa moja asubuhi karani alikuwa getini, amebeba begi la mama yule, na hakuondoka hadi gari la wagonjwa lilipokata kona.