Kikapu cha Ulezi Katikati ya Kanisa

Nakumbuka Jumapili moja ya mavuno, nikiwa mwalimu wa kwaya katika kigango chetu upande wa Kate, kule Ufipa. Nilikuwa kijana mwenye kichwa kikubwa kuliko kofia yoyote iliyouzwa Sumbawanga mjini. Nilikuwa nimetoka kujifunza kinanda kwa miezi mitatu tu, na watu walinisifu. Mgema akisifiwa, mwanangu, unajua anavyolifanya tembo.

Kwetu sadaka ya mavuno huletwa na akina mama. Hubeba vikapu vya mahindi, maharage na ulezi kichwani, wakienda kwa hatua fupi za kucheza toka mlangoni hadi altareni. Anayetangulia ndiye huanzisha wimbo, kanisa zima likamwitikia. Mimi nikaona huo ni ushamba. Nikatunga wimbo wa sauti nne, wa haraka, nikawaambia akina mama watembee tu, kuimba wawaachie kwaya.

Aliyetangulia siku hiyo alikuwa Mama Sesilia, mjane, jirani yetu. Mwanawe wa pekee alikuwa ameugua msimu mzima hadi tukamkatia tamaa. Mama akamwahidi Mungu kwamba kijana akipona, ulezi wa kwanza ataupeleka mwenyewe akiimba. Kijana akapona. Ahadi ile kigango kizima tuliijua, na mimi niliijua.

Basi wimbo wangu ukaanza. Mama Sesilia akajaribu kuifuata ile kasi, kikapu kikayumba, ulezi ukamwagika. Wimbo ukaisha yuko katikati ya kanisa. Akasimama, kisha kwa sauti yake ya mikwaruzo akaanza wimbo wa shukrani wa Kifipa, ule wa siku zote. Watu wakaanza kuitikia. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaongeza sauti ya kinanda nikamfunika. Akanyamaza. Akaweka kikapu mbele ya padri, akarudi kuketi akitazama chini.

Baada ya misa katekista wetu, mzee asiye na maneno mengi, alinikuta nakunja nyaya.

"Umepiga vizuri, mwalimu."

"Asante, baba."

"Yule mama alikuwa anaongea na Mungu. Wewe umemnyamazisha kwa ruhusa ya nani?"

Niliona aibu mpaka nikamwambia naacha kwaya. Akatikisa kichwa. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nenda kwake."

Nikaenda jioni ile ile. Mama Sesilia aliitikia shikamoo yangu, akanipa kigoda na kikombe cha togwa, kana kwamba nimekuja kusalimia tu. Nikamwomba radhi.

"Ulezi Mungu ameupokea, mwanangu," akasema. "Ila nilimwahidi na wimbo. Wimbo bado sijampa."

Nililia pale pale, na togwa mkononi.

Jumapili iliyofuata sikukifungua kinanda. Mama Sesilia aliingia mikono mitupu, akiimba kwa mwendo wake, mwanawe akimfuata nyuma na kuitikia. Nami niliitikia nikiwa katikati ya watu. Nilichelewa mara mbili, na hakuna aliyenicheka.

Sasa wewe ndiye mwalimu wa kwaya ya vijana huko mjini, una maspika makubwa kuliko kabati langu. Nakusikia ukiimba na moyo wangu unafurahi, sikufichi. Piga kinanda, piga ngoma, tunga nyimbo mpya. Lakini kwaya imewekwa ili kanisa lipate kuimba, haikuwekwa iimbe badala yake. Kabla hujapandisha sauti, sikiliza kwanza ni nani anaimba mbele yako. Bibi anayekosea noti usimnyamazishe, maana hujui alimwahidi Mungu nini.

Mungu akupe sikio pana kuliko sauti yako, mwanangu, na akulindie koo lako hadi uzeeni. Na siku nitakayoingizwa kanisani nimebebwa, waache watu wa kigango waniimbie kwa mwendo wao.