Chupa Zisizo na Majina

Chupa kumi na mbili zimepangwa mezani, na hakuna mwalimu anayetaka kuwa wa kwanza kufungua hata moja.

"Jamani, humo hamna nyoka," anawatania Philomène Tsakala, mkufunzi wao mwenye umri wa miaka 51. "Fungueni."

Kila chupa ina kijiko cha unga wa muhogo kutoka nyumbani kwa mwalimu mwenyewe, maji kidogo, na kijikaratasi cha njano kilichowekwa tangu jana. Sumu ya muhogo ikiwa imebaki katika unga, karatasi hugeuka kahawia. Sumu hiyo ndiyo inayoleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu: mtoto hulala mzima, akaamka hawezi kusimama.

Vifuniko vinafunguliwa. Karatasi kumi na moja ni za njano, baadhi zimefifia kidogo. Moja, kwenye chupa yenye alama ya mistari miwili ya mkaa, imekuwa kahawia kabisa.

Hapa karibu na Popokabaka, katika mkoa wa Kwango nchini Kongo, kila mama anajua kwamba muhogo mchungu hulowekwa siku tatu ili sumu itoke. Lakini lori la wafanyabiashara likifika, au njaa ikibisha hodi, muhogo hutolewa majini kabla ya wakati wake.

Dawa yake si ngumu. Unga unakorogwa na maji, unatandazwa mwembamba juu ya mkeka, unaachwa juani saa mbili, ndipo unapikwa luku, ugali wa muhogo. Kwa miaka saba Philomène amewafundisha hayo walimu 140 ili wawafundishe watoto shuleni; hulipwa faranga 20,000 kila siku ya mafunzo, na siku zenyewe hazizidi nne kwa mwezi.

Kazi ngumu ni vinywa vya watu. Mwaka wake wa kwanza, kijijini kwao, aliandika majina kwenye chupa. Ya wifi yake Anastazie, mke wa kaka yake, ilitoka kahawia, na binti wa Anastazie alikuwa amepooza mwaka uliotangulia.

"Jua halijazama, kisimani walishamwita mlemaza mwanawe," anasimulia Philomène, macho yakiwa chini. "Karatasi haikusema uongo. Mimi ndiye niliyekosea. Niliwaonyesha watu sumu, nikanyamaza kuhusu njaa iliyomfanya autoe muhogo mapema."

Anastazie alimchukua binti yake akarudi kwa wazazi wake, ng'ambo ya mto. Philomène alimtumia chumvi na kitenge. Vyote vilirudishwa.

Ndiyo maana chupa za leo hazina majina, ila alama ambayo kila mwalimu anaijua mwenyewe tu. Hata hivyo Mayimona, mwalimu wa darasa la tano, haridhiki.

"Mama Filo, nikimwambia mtoto chakula cha mama yake kina sumu, si wazazi watanifukuza kwa mawe?"

"Huyu anamwogopa hata mke wake," anadakia mwenzake, na wote wanacheka.

Mayimona hacheki. Anasimama, anaishika ile chupa ya mistari miwili.

"Mnacheka, lakini hii ni yangu. Na mke wangu ni mjamzito. Muhogo ulikuwa na siku moja tu majini, mimi nikamwambia autoe, lori linasubiri. Alikataa, nikamfokea. Nitaanza na hii darasani. Nitawaambia imetoka kwangu, na aliyeharakisha ni mimi, si mama."

Philomène anageukia ubao. Mabega yake yanatikisika, na walimu wanamwacha alie.

Baadaye, akifuta chaki mikononi, anasema hajawahi kusikia mwanamume akikiri hivyo mbele ya watu. "Maneno hayo yalikuwa yangu kuyasema. Nimewafundisha walimu wote hao, na mimi mwenyewe sijayasema kijijini kwetu hata siku moja."

Jumamosi ataanzia kisimani kijijini kwao, awaambie walewale waliomchafulia wifi yake jina kwamba aliyekosea ni yeye Philomène, si Anastazie. Kisha atavuka mto.

"Akinifungia mlango, nitasemea hapohapo nje, kwa sauti," anasema. "Binti yake amekua sasa. Naye asikie kwamba mama yake hakumlemaza."