Manjano Yaliyong'aa

Mtaani walimwita Manjano, maana viganja vyake vilikuwa vya njano tangu mumewe amtupe akaingia kazini kwenye kiwanda cha viungo. Kazi yake ilikuwa kuzungusha pipa. Anatia manjano makavu, anamwaga kopo la unga wa rangi alioletewa na bosi, anazungusha mpaka yang'ae. Yaliyofifia, alisema bosi, hayana mnunuzi.

Mama yake alipoanza kusahau, ndugu zake walimsukumia yeye mzigo, wakatokomea. Redioni akamsikia daktari akisema ndani ya manjano mna kitu ambacho huenda kikaukinga ubongo usichakae, ila utafiti bado unaendelea. Hayo ya utafiti hayakumwingia. Akawa anachukua kazini yale yanayong'aa kuliko yote, anayatwanga, na kila asubuhi anamwachia mama chupa ya maziwa ya manjano.

Siku mkaguzi wa afya alipoingia kiwandani, bosi alinyoosha kidole. "Muulize huyo. Pipa ni lake."

Mkaguzi akachungulia ndani ya kopo. "Dada, hii ni rangi ya kupaka vyuma. Ina madini ya risasi."

"Yanadhuru nini?"

"Ubongo."

Manjano akaliacha pipa. Hakuaga mtu. Alikimbia na aproni yake kiunoni mpaka nyumbani.

Mama alikuwa kitandani, kikombe mdomoni. Akampokonya, maziwa yakamwagika shukani.

"Mchoyo wewe! Hata dawa yangu?"

"Si dawa, mama."

"Mbona jana ilikuwa dawa?"

Alimvika viatu, kamba akaziacha bila kufunga.

Hospitalini mama alimchangamkia daktari. "Wenzake wamenitupa. Huyu ndiye anayenipa dawa."

"Dawa gani, bibi?"

Manjano angeweza kunyamaza. Akilini alimwona bosi akimruka, ndugu zake wakirudi mbio kumwita muuaji, polisi mlangoni. Hata hivyo akafungua fundo la khanga, akaweka mezani vipande vya manjano vilivyobaki. Vilikuwa vizuri mno.

"Nilivitia rangi mwenyewe. Nikamnywesha mwenyewe. Sikujua."

Daktari hakumkaripia. Alifunga mpira mkononi mwa mama, akatafuta mshipa.

"Daktari, huku kusahau ni uzee, au ni mimi?"

"Damu itatuonyesha kama risasi imo, na kama imo tutaanza matibabu." Akavuta sindano polepole. "Hilo ulilouliza, damu haitatuambia."